Mashujaa 18, wasindikizaji 86: hati ya Kim Si-min inavyotakiwa kusomwa

Mwaka 2006 watazamaji wa kituo cha televisheni cha MBC cha Korea Kusini walichangishana fedha ili kuinunua karatasi moja iliyojitokeza sokoni Japani. Kipindi kilichoendesha mchango huo kilikuwa na namba 74434 katika jina lake, idadi ya vitu vya kale vya Korea vilivyokuwa vimeorodheshwa nje ya nchi wakati huo. Karatasi ikarudi, ikapokelewa kwa shangwe, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaitangaza kuwa Hazina namba 1476. Sasa inatunzwa katika Makumbusho ya Taifa ya Jinju, kusini mwa nchi.

Ni hati ambayo mfalme Seonjo wa Joseon, dola ya Korea ya wakati huo, alimtunuku jemadari Kim Si-min mwaka 1604. Kwa Kikorea huitwa gyoseo, yaani tamko la mfalme, na anayetunukiwa huitwa gongsin, mtumishi mwenye stahili. Walioichangia waliichukua kama cheti cha ushujaa, na sioni sababu ya kuwalaumu, kwa kuwa shujaa alikuwepo kweli. Ila mtu akiisoma yote hadi mwisho, kisha akaiweka kando ya hati nyingine zilizotoka mwezi huohuo, anakuta kitu kingine kabisa. Anakuta daftari la hesabu za mfalme, na katika daftari hilo ushujaa una bei ndogo kuliko kuwa karibu na kiti cha enzi.

Tuanze na mwenye hati. Aprili 1592 kwa kalenda ya mwezi, majeshi ya Toyotomi Hideyoshi yalishuka Busan, na haikuchukua wiki tatu yakawa ndani ya mji mkuu wa Hanyang, Seoul ya leo. Mwezi wa kumi mwaka huo kikosi cha zaidi ya watu 20,000 kikaizingira ngome ya Jinju, mlango wa jimbo la Jeolla lililokuwa ghala la nafaka la nchi. Ndani Kim Si-min, mkuu wa mji, alikuwa na askari wapatao 3,800. Ngome ilisimama siku sita na haikuanguka. Siku ya mwisho risasi ilimpata kwenye paji la uso, naye akafa kwa jeraha hilo akiwa na umri wa miaka 38 hivi. Kwa hiyo hati ilipoandikwa, mwenyewe alikuwa kaburini miaka 12.

Tarehe yenyewe ya hati inafuta kosa linalorudiwa mara nyingi. Watu husikia kuwa hati ya shujaa wa vita dhidi ya Wajapani ilikutwa Japani, wakahitimisha kwamba iliporwa vitani. Haiwezekani. Vita viliisha 1598, hati ikaandikwa 1604. Iliondoka Korea baadaye, kwa njia nyingine.

Sasa jinsi ilivyojengwa. Ni kunjo refu, zaidi ya mita 2 kwa upana, lililoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kichina, kutoka juu kwenda chini, na safu zake zinaanza kulia kuelekea kushoto. Mstari wa kwanza unataja anayeambiwa: cheo cha heshima, vyeo vya kazi, jina. Baada yake unakuja utangulizi kuhusu fadhila za kuwakumbuka waliotumikia, halafu sehemu inayomhusu mtu huyu peke yake, alifanya nini na wapi. Sehemu hiyo ndiyo iliyotungwa upya kwa kila hati. Sehemu nyingine nyingi ni maneno ya pamoja yaliyonakiliwa toka hati hadi hati. Halafu zawadi. Halafu majina ya wote waliomo katika kundi moja naye, kwa madaraja. Mwisho tarehe, mwezi wa kumi mwaka wa 32 wa Wanli, na muhuri mwekundu wa mfalme.

Wanli ni jina la zama za mfalme wa Uchina. Joseon ilihesabu miaka kwa kalenda ya Ming, enzi iliyotawala Uchina wakati huo, na jambo hilo tutalirudia kwa kuwa lina uzito kuliko linavyoonekana. Kuhusu mwandiko, asidhani mtu kwamba mfalme aliinama akaandika. Palikuwa na ofisi ya muda iliyoundwa kwa kazi hiyo, ikiwa na watunzi wa maneno na waandishi wa hati nzuri, na kazi iligawanywa kati yao. Wala hati haikuwa moja: kila aliyetajwa alipewa yake. Ya Yi Sun-sin, jemadari mkuu wa majini, ipo pia hadi leo.

Heshima ilipimwa hata kwa idadi ya herufi. Kundi la waliopigana liliitwa Seonmu, maana yake kutangaza nguvu za kivita. Wa daraja la kwanza alipewa jina lenye herufi 8 za sifa kabla ya neno Seonmu: uaminifu, kushika haki, uthabiti, kuunganisha nguvu. Wa daraja la pili, kama Kim Si-min, akakatwa mbili, zikabaki 6. Wa tatu alipata 4. Ofisa yeyote aliyeikunjua hati alijua cheo cha mwenyewe kabla hajafika mstari wa pili.

Zawadi nazo ziliandikwa kama orodha ya dukani. Daraja la pili: kupandishwa ngazi mbili yeye, wazazi, mke na watoto, na asipokuwa na mwana, mpwa na mkwe wapande ngazi moja, mzaliwa wa kwanza wa kila kizazi arithi asikose posho, walinzi binafsi 6, watumwa 9, wahudumu wa serikali 4, ardhi gyeol 80, nyang 7 (kipimo cha uzito) za madini ya fedha, kitambaa cha nje na cha bitana, farasi 1 kutoka zizi la mfalme. Daraja la kwanza lilipata ngazi tatu, walinzi 10, watumwa 13, wahudumu 7, gyeol 150 na nyang 10. La tatu, ngazi moja, walinzi 4, watumwa 7, wahudumu 2, gyeol 60 na nyang 5.

Gyeol inawatega wengi wanaotaka kuigeuza kuwa hekta. Haikuwa kipimo cha eneo. Ilipima mavuno, na ardhi iligawanywa kwa madaraja sita ya rutuba. Gyeol ya shamba bora ilikuwa takriban hekta 1, ya shamba bovu kabisa mara nne ya hapo. Hivyo gyeol 80 zaweza kuwa hekta 80 au 320, na familia ingetegemea mavuno yaleyale.

Lingine ni kwamba mwaka 1604 zawadi kwenye karatasi na zawadi mkononi vilikuwa vitu viwili. Vita vilikuwa vimeacha magugu mashambani, na ardhi iliyosajiliwa kwa kodi ilikuwa imeporomoka chini ya nusu ya ile ya kabla ya 1592. Daftari za watumwa zilizokuwa mji mkuu zilikuwa zimeungua. Kumbukumbu zinasema watumwa wenyewe ndio walioiwasha moto ofisi iliyozitunza mfalme alipokimbia. Nani alipimiwa gyeol zake zote, na za wapi, hati haisemi. Ndiyo maana familia nyingi zilithamini zaidi yale yasiyohitaji ghala lenye nafaka: ngazi ya cheo, na haki ya kibao cha babu kukaa madhabahuni milele. Kwa kawaida kibao cha marehemu kilitolewa baada ya vizazi vinne. Cha gongsin hakikuguswa. Ukoo uliokuwa na kibao hicho ulikuwa na jina kijijini hata kama ghala ni tupu.

Hapo ndipo ninapomwomba msomaji aiweke chini hati ya Kim Si-min na kuitazama orodha ya pili. Kwa sababu mwezi ule wa kumi wa 1604 mfalme Seonjo alitunuku makundi matatu kwa mpigo. Seonmu, waliopigana: watu 18. Hoseong, waliomsindikiza mfalme: watu 86. Na Cheongnan, waliozima uasi wa Yi Mong-hak wa 1596: watu 5.

Kumsindikiza wapi? Alfajiri ya tarehe 30 ya mwezi wa nne 1592, mvua ikinyesha, mfalme alitoka Hanyang akaelekea kaskazini. Kaesong, Pyongyang, hadi Uiju ukingoni mwa mto Amnok, hatua chache kutoka nchi ya Ming. Nyuma yake ikulu ziliungua. Safari hiyo kwa lugha ya barabarani ni kukimbia. Kwa lugha ya hati ni Hoseong, kumlinda mtukufu katika msafara wake.

Nimefanya hesabu rahisi kwa viwango vya karatasini, kwa kuwa makundi haya mawili yalipewa viwango sawa kwa kila daraja. Seonmu ilikuwa na watu 3 daraja la kwanza, 5 la pili, 10 la tatu. Hoseong 2, 31 na 53. Ukizidisha na kujumlisha, waliopigana waliandikiwa gyeol 1,450 na watumwa 154. Waliosindikiza waliandikiwa gyeol 5,960 na watumwa 676. Kila penye kimoja cha askari pana zaidi ya vinne vya msafara.

Na zile herufi za sifa? Yi Sun-sin, aliyelivunja jeshi la majini la Japani na kufa vitani Noryang, alipata herufi 8. Wale wawili wa Hoseong daraja la kwanza walipata 10. Wa daraja la pili wa Hoseong, watu 31, walipata 8, sawasawa na Yi Sun-sin. Kim Si-min alizidiwa herufi mbili na kila mmoja wa hao 31. Sijaona maelezo kwenye makumbusho wala vitabuni yakilisisitiza hili, pengine kwa kuwa linahitaji mtu akae chini na kuhesabu.

Waliokuwamo kwenye 86 ni akina nani? Mawaziri, ndiyo. Pia daktari wa mfalme, Heo Jun, ambaye baadaye alikamilisha kitabu kikuu cha tiba cha Korea, naye alikuwa daraja la tatu. Halafu matowashi, na watunza farasi. Mwandishi wa kumbukumbu za kifalme, ambaye maandishi yake mfalme hakuruhusiwa kuyasoma, aliweka pembeni maoni yake: kati ya hawa zaidi ya 80, matowashi ni 24 na watumishi wa chini ni zaidi ya 20, je, huku si kupita kiasi? Kwa hiyo lawama hii haikubuniwa na wasomi wa karne yetu. Ilikuwa imeandikwa wino ukiwa bado mbichi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Seonjo alikuwa na hoja, na aliisema waziwazi mwaka 1601: nchi imeokolewa na jeshi la Ming, majemadari wetu ama wamelifuata nyuma ama wamebahatika kuokota vichwa vichache vya adui. Kwa mtazamo huo, aliyekwenda Beijing kuomba majeshi amefanya kazi kubwa kuliko aliyeshika upinde. Wale wawili wa Hoseong daraja la kwanza wanaingia humo barabara: Jeong Gon-su alitumwa Beijing 1592 kuomba msaada, na Yi Hang-bok alikuwa mstari wa mbele kushauri msaada huo uombwe. Hata ndani ya Seonmu, orodha inayodhaniwa kuwa ya wapiganaji tu, wamo wajumbe waliokwenda Ming kuomba askari na nafaka, mmoja wao akiwa Sin Jeom wa daraja la pili, bega kwa bega na Kim Si-min. Tarehe ya Wanli juu ya muhuri na hoja ya mfalme vinasema kitu kimoja. Na jeshi la Ming lilipigana kweli: bila lenyewe Pyongyang isingekombolewa Januari 1593 kwa kasi ile.

Lakini hoja hiyo inatosha kueleza wajumbe. Haielezi watunza farasi. Wala haielezi kwa nini jemadari aliyezivunja meli za adui apewe herufi sawasawa na watu 31 wa msafara wa mfalme hadi Uiju. Kinachoeleza ni hali ya mfalme mwenyewe. Alikuwa ameuacha mji wake mkuu bila kupigana. Mwanawe, Gwanghae, ndiye aliyebaki nyuma akizunguka majimbo kukusanya jeshi. Kama stahili ingepimwa kwa kusimama mbele ya adui, mfalme angekuwa wa kwanza kuanguka mtihani. Kwa kulitunuku kundi lililokimbia naye, alikigeuza kile alichokifanya kuwa utumishi, na kila mwenye hati ya Hoseong akawa shahidi wa milele, yeye na wajukuu wake, kwamba msafara ule ulikuwa wa heshima. Matowashi 24 ni mashahidi 24.

Jaribio lingine ni Won Gyun, jemadari wa majini. Julai 1597, kwa kalenda ya mwezi, aliziongoza meli zote za Joseon hadi Chilcheollyang na karibu zote zikapotea, naye akafa. Yi Sun-sin aliporudishwa kazini alikuta meli zisizozidi 13, na kwa hizo akashinda Myeongnyang. Mwaka 1603 maofisa waliokuwa wakipanga orodha walimweka Won Gyun daraja la pili. Mfalme akakataa, akamtaka daraja la kwanza, na humo ndimo alimo, sambamba na Yi Sun-sin na Gwon Yul, jemadari wa nchi kavu. Watu hushangaa. Lakini nani alimvua Yi Sun-sin cheo mwaka 1597, akamfunga, na kumkabidhi Won Gyun meli? Seonjo mwenyewe. Kumshusha Won Gyun kungekuwa kujihukumu.

Watazame pia walioachwa. Gwak Jae-u, aliyekuwa wa kwanza kuinua jeshi la wananchi kusini, hayumo kwenye 18. Jo Heon na Go Gyeong-myeong, waliokufa wakiongoza wananchi, hawamo. Jeong Mun-bu aliyeikomboa kaskazini mashariki hayumo. Kati ya viongozi wa majeshi ya wananchi, Gwon Eung-su aliyeikomboa Yeongcheon alipenya hadi daraja la pili. Mtu aliyeweza kuinua watu elfu kwa jina lake mwenyewe dhidi ya Wajapani anaweza kuwainua dhidi ya yeyote, na mfalme alilijua hilo. Mwaka 1596 Kim Deok-ryeong, kiongozi mashuhuri wa wananchi, alisingiziwa kushiriki uasi wa Yi Mong-hak, akateswa hadi kufa. Hati za Cheongnan, zawadi za kuuzima uasi huohuo, zilitoka siku zilezile na hati ya Kim Si-min. Na wale watatu wa Seonmu daraja la kwanza, wote walikuwa wameshakufa ilipofika 1604. Kim Si-min pia. Marehemu ni rahisi kumsifu kwa sababu hana jeshi.

Kwa waliobaki nje palikuwa na mlango wa nyuma. Mwaka uliofuata, 1605, watu 9,060 walitajwa kuwa wonjong gongsin, wastahili wa ngazi ya chini, chini ya Seonmu, na wengine 2,475 chini ya Hoseong. Hao hawakupewa gyoseo. Walipewa nokgwon, kitabu kilichochapwa kwa herufi za mbao zinazopangwa na kupangika upya, kimejaa majina mwanzo mwisho, nakala ya kila mtu ikiwa na jina lake mbele. Hapa napo wanunuzi na wauzaji huchanganya. Nokgwon si gyoseo: moja ni kitabu cha kuchapwa kwa maelfu, nyingine ni kunjo la mkono la mtu mmoja. Nyumba nyingi za Korea zina nokgwon ya babu ya mwaka 1605 na huiita hati ya shujaa. Yawezekana babu alipigana. Yawezekana pia alisafirisha mchele.

Mtego mwingine, huu ni wa majina. Kwenye orodha ya 18 kuna Yi Sun-sin wawili. Mmoja daraja la kwanza, mwingine daraja la tatu, ofisa aliyekuwa chini yake majini. Kwa herufi za Kichina majina hayafanani, ila kwa herufi za Kikorea na za Kilatini ni yaleyale. Anayesoma tafsiri bila kuangalia maandishi ya asili atadhani mtu mmoja kaandikwa mara mbili, au atampa mmoja matendo ya mwenzake.

Kwa nini basi jambo zito hivi liwekwe kwenye karatasi na kiapo? Kwa sababu utunukiwaji ulikuwa mkataba. Gongsin na warithi wao wakubwa walikusanyika na mfalme usiku, mnyama akachinjwa, damu ikapakwa midomoni, wakaapa mbele ya mbingu kutokusalitiana. Kunjo kubwa la kiapo cha namna hiyo la mwaka 1680, lenye urefu wa zaidi ya mita 20, lina majina ya watu 489 wa makundi 20 ya gongsin na vizazi vyao, na kati yao waliohudhuria ni 412. Lilitangazwa Hazina Kuu ya Taifa 2021. Ila kunjo lenyewe halikutengenezwa 1680. Lilitengenezwa 1694. Kundi la mwisho lililoapa siku ile, la Bosa, lilifutwa 1689 kambi pinzani ilipoingia madarakani, likarudishwa 1694 ilipotoka. Kiapo cha milele kilidumu miaka tisa, kikafa, kikafufuliwa, ndipo kikaandikwa upya kwa mwandiko wa kupendeza.

Kufutwa kulikuwa sehemu ya mfumo. Joseon ilitunuku gongsin mara 28, kuanzia waanzilishi wa dola 1392 hadi 1728, na makundi kadhaa hayakumaliza kizazi. Mwaka 1519 ofisa Jo Gwang-jo alimshawishi mfalme Jungjong awafute watu 76 kati ya 117 waliotunukiwa kwa mapinduzi ya 1506, kwa hoja kwamba hawakufanya lolote. Siku chache baadaye Jo na wenzake walikamatwa, naye akanyweshwa sumu. Gwanghae alipokuwa mfalme aliwatunuku wale waliozunguka naye vitani, kundi la Wiseong, kama kujibu Hoseong ya baba yake. Alipopinduliwa 1623, hati za makundi yake yote zikawa karatasi tupu. Waliompindua nao wakajitunuku, watu 53. Yi Gwal, jemadari aliyekuwa tegemeo la mapinduzi, akapewa daraja la pili. Mwaka haukupita. Mapema 1624 aliongoza jeshi lake kutoka kaskazini, akauteka mji mkuu, na mfalme Injo akakimbilia Gongju. Baada ya Yi Gwal kuuawa, mfalme akatangaza kundi jipya la gongsin: waliomzima Yi Gwal.

Kwa mizani hiyo orodha ya 1604 ilikuwa na bahati. Haikufutwa. Seonjo alikufa kitandani 1608, warithi wa Kim Si-min wakashika walichopewa, na heshima ya babu ikaongezeka kuliko alivyoiweka hati: baadaye aliongezwa cheo hadi cha waziri mkuu, akapewa jina la heshima la Chungmu, lilelile alilopewa Yi Sun-sin. Wafalme waliofuata walilipa deni ambalo daraja la pili lililiacha wazi. Hati haikubadilika, ndiyo maana ina faida kwetu. Ingeandikwa upya kila kizazi, tungekuwa na sifa tu na tusingeona bei iliyowekwa 1604.

Makumbusho ya Jinju yamejengwa ndani ya ngome ileile. Kunjo za karatasi hazivumilii mwanga, kwa hiyo hazikai mezani mwaka mzima. Ni vizuri kuuliza kabla ya kusafiri. Ukiikuta imefunguliwa, iachie macho ya wengine upande wa kulia, penye sifa na utangulizi. Nenda upande wa kushoto karibu na muhuri, kwenye safu za majina. Tatu, tano, kumi. Kim Si-min yuko katika wale watano. Ukishazihesabu, kumbuka kwamba kuna orodha nyingine ya tarehe hiyohiyo, ndefu karibu mara tano, ambayo haimo ndani ya kioo hicho.